Askrigg, Hawes au Northallerton: upange wapi ukipata kazi mashambani Yorkshire

Wauguzi na watunzaji wa wazee wanaotoka Kenya, Tanzania au Uganda kwenda Uingereza si wote wanaoishia London na Manchester. Nyumba nyingi za kulelea wazee ziko mashambani, kwa kuwa huko ndiko wazee waliko: vijana wamekwenda mijini kutafuta kazi, na wastaafu wenye akiba wamehamia vijijini kutafuta utulivu. Ndiyo maana barua ya kazi inaweza kukuletea jina la bonde ambalo hujawahi kulisikia, nawe ukabaki na swali: nipange kijijini penyewe, au nikae mji wa jirani niwe nakwenda kazini na kurudi?

Ukiuliza mtandaoni utajibiwa kwa jumla jumla, kwamba kijijini pametulia na mjini kuna huduma. Jibu hilo halimsaidii mtu anayetakiwa kulipa dhamana ya nyumba wiki ijayo. Nachukua basi bonde moja, Wensleydale, kaskazini mwa Yorkshire, niweke sehemu tatu bega kwa bega. Ukielewa tofauti zake, utaweza kupima kijiji chochote cha Uingereza kwa vipimo hivyo hivyo.

Kwanza neno kuhusu viza, maana linaamua nani hasa anayechagua leo. Tangu tarehe 11 Machi 2024 watunzaji wapya hawaruhusiwi kuja na mwenzi wala watoto, na tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri hawawezi tena kuleta watunzaji wapya kutoka nje ya nchi. Kwa hiyo wanaolinganisha vijiji sasa ni wale waliokwisha kuingia na wanabadili mwajiri, wauguzi waliosajiliwa, ambao njia yao bado iko wazi, na familia zilizofika kabla ya milango hiyo kufungwa.

Sehemu tatu, barabara moja

Askrigg ni kijiji cha mawe ya kijivu kisichofika watu 600. Kina Kanisa la Mtakatifu Oswald, njia kuu moja inayopanda mlima, pabu, duka, shule ya msingi na ukumbi wa kijiji. Hawes uko kilomita 8 magharibi. Waingereza wanauita mji, ila sensa ya 2011 iliukuta na watu 1,100 hivi. Ni kimji kilichobeba kazi za mji: soko kila Jumanne, mnada wa mifugo, kiwanda cha jibini, kituo cha daktari, posta, maktaba, kituo cha mafuta. Northallerton uko kilomita 50 hivi mashariki ya Askrigg, nje kabisa ya Yorkshire Dales, eneo la milima na mabonde lililotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1954. Una takriban watu 17,000, hospitali, stesheni ya treni na makao makuu ya halmashauri ya North Yorkshire.

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Askrigg ndiyo iliyotangulia kuwa mji wa soko, kwa hati ya Malkia Elizabeth I ya mwaka 1587, na mafundi wake wa saa walijulikana mbali. Hawes ilipata hati yake mwaka 1699. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 18, barabara kubwa ya kulipia ushuru ikapitishwa Hawes, na biashara ikaifuata barabara. Leo barabara ya A684 inapita ng'ambo ya mto Ure, Askrigg imebaki upande wa pili, na karibu kila huduma nitakayoitaja hapa imefuata mstari ule ule. Ukiangalia kijiji chochote kwenye ramani, tazama kwanza kama barabara kuu inapita ndani yake au pembeni.

Bila gari

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Basi linalounganisha Askrigg na Hawes na Leyburn, mji ulio katikati ya Hawes na Northallerton, lipo. Linaendeshwa na shirika la wananchi wenyewe liitwalo Little White Bus, lenye makao Hawes, lililoanza mwaka 2011, na baadhi ya madereva wake wanajitolea bila mshahara. Nauli si tatizo: tangu Januari 2025 serikali imeweka kikomo cha pauni 3 kwa safari moja ya basi nchini Uingereza, na kikomo hicho kimeongezwa hadi Machi 2027. Tatizo ni saa. Mabasi ni machache kwa siku na jioni hakuna kitu, ilhali zamu ya nyumba ya wazee huanza saa 1 au saa 2 asubuhi na mara nyingi huisha saa 2 usiku. Basi lililopangwa kwa ajili ya mama anayekwenda sokoni Jumanne halimfai mtunzaji anayetoka kazini gizani siku ya Jumapili.

Ukifanya kazi Hawes na kukaa Hawes, hilo si tatizo lako: unatembea. Ukikaa Askrigg na kufanya kazi Hawes, kilomita 8 zinaonekana chache mpaka usiku wa Januari, kwenye barabara isiyo na taa wala njia ya miguu. Wapo wanaopanda baiskeli. Mimi simshauri mtu aweke ajira yake juu ya baiskeli katika bonde linaloganda.

Northallerton hali ni tofauti kabisa. Iko kwenye reli kuu ya mashariki. York ni kama nusu saa, London kama saa mbili na nusu. Bonde lenyewe lilikuwa na reli yake mpaka Hawes, lakini treni za abiria kutoka Northallerton kwenda Hawes zilisimamishwa mwaka 1954. Sasa stesheni iliyo karibu na Hawes ni Garsdale, umbali wa kilomita 10 hivi, kwenye njia ya Settle kwenda Carlisle ambayo nayo ilikaribia kufungwa miaka ya 1980 na kuokolewa mwaka 1989. Little White Bus hukupeleka hapo, ukipanga safari yako kwa ratiba yake.

Kwa hiyo kijijini gari ni kama jembe kwa mkulima. Leseni ya Kenya au Tanzania inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu uwe mkazi. Baada ya hapo unarudi kuwa mwanafunzi mpaka ufaulu mtihani wa nadharia na wa vitendo, na foleni za mtihani wa vitendo zimekuwa za miezi. Anayekwenda kijijini aanze kuomba mtihani ndani ya mwezi wake wa kwanza huko, asisubiri mwezi wake wa kumi. Bima kwa mgeni ni ghali mwaka wa kwanza. Iweke kwenye hesabu ya kodi ya nyumba, maana huwezi kuitenganisha nayo.

Sisi tunaendesha kushoto tangu nyumbani, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini barabara za Dales zina mambo yake. Alama ya duara jeupe lenye mstari mweusi inaruhusu maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, hata kwenye kinjia chenye kuta za mawe pande zote ambamo magari mawili hayapishani. Ni kikomo cha sheria tu. Barabara yenyewe mara nyingi haivumilii hata nusu yake. Kuna kondoo, matrekta, na barafu nyembamba ambayo macho hayaioni. Wakati wa baridi barabara kuu kama A684 hutangulia kumwagiwa chumvi, na vinjia vidogo husubiri.

Ukiugua

Bonde la juu lina vituo vya daktari wa familia Hawes na Aysgarth. Jisajili wiki ya kwanza. Jambo ambalo wageni wengi hawalijui: mgonjwa anayeishi mashambani, zaidi ya kilomita 1.6 kutoka duka la dawa, anaweza kupewa dawa na kituo cha daktari chenyewe pale kinapotoa huduma hiyo. Unatoka kwa daktari na dawa yako mkononi, jambo ambalo hata wa mjini hana.

Mambo makubwa ndiyo yanayobadilisha hesabu. Hospitali ya Friarage iko Northallerton, lakini tangu Machi 2019 haina tena idara kamili ya dharura; ina kituo cha huduma za haraka kinachofunguliwa saa 24. Mwenye mshtuko wa moyo au ajali mbaya hupelekwa mbele zaidi, hospitali ya James Cook huko Middlesbrough au hospitali ya Darlington. Na tangu 2014 uzazi unaohitaji daktari bingwa hauko tena Friarage. Kutoka Hawes hadi Middlesbrough ni zaidi ya saa moja ya barabara, hali ya hewa ikiwa nzuri.

Mama mjamzito, au familia yenye mtoto mwenye selimundu au pumu kali: nawaomba mkae Northallerton, au hata Middlesbrough na Darlington penyewe. Nasema hivyo bila kusita. Kijiji kina watu waliofunzwa huduma ya kwanza wanaoitwa kabla gari la wagonjwa halijafika, kina mashine za kushtua moyo kwenye kuta na kwenye vibanda vya simu vyekundu vya zamani, na helikopta ya msaada huja. Wote hao wanafanya kazi ya heshima. Lakini umbali hauondoki.

Kwa mtu mzima mwenye afya yake, tofauti ni ndogo kuliko inavyoogopwa.

Nyumba, na gharama ya joto

Watu hudhani kijijini kodi ni rahisi. Katika Dales si lazima iwe hivyo, na tatizo kubwa ni kwamba nyumba za kupanga hazipatikani. Nyumba nyingi za mawe zimekuwa nyumba za likizo au za pili za watu wa mjini. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 halmashauri ya North Yorkshire imeanza kuwatoza wenye nyumba za pili kodi ya halmashauri mara mbili, ili nyumba zirudi kwa wakazi. Bado, mtu anayetafuta Askrigg anaweza kukaa wiki nyingi asione tangazo hata moja, wakati Northallerton atachagua.

Waajiri wengine hutoa chumba kwenye jengo la kazi au nyumba ya jirani. Kwa mgeni ni msaada wa kweli. Ila pima: siku ukigombana na mwajiri, kazi, viza na paa vyote vimeshikwa na mkono mmoja. Ukiweza, baada ya miezi ya mwanzo tafuta paa lako mwenyewe.

Sasa joto. Northallerton nyumba nyingi hutumia gesi ya bomba, unalipa kwa mwezi, na bei ina kikomo kinachowekwa na mdhibiti, Ofgem. Nyumba nyingi za Askrigg na Hawes hazina gesi ya bomba. Nyuma ya nyumba utakuta tangi la mafuta, au mtungi mkubwa wa gesi, au jiko la kuni, au hita za umeme za usiku. Mafuta hayo hayamo kwenye kikomo cha bei cha Ofgem, hupanda na kushuka na soko la dunia, na kwa kawaida muuzaji hakuletei chini ya lita 500. Maana yake ni kwamba unatoa mamia ya pauni kwa mpigo, pengine mwezi uleule uliolipa dhamana na bima ya gari. Familia nyingi huumizwa na baridi ya kwanza hapo, hata pale kodi ilipokuwa nafuu. Vijiji vingine vina kikundi cha kununua mafuta kwa pamoja ili kupunguza bei. Uliza kwenye ukumbi au duka, utaunganishwa.

Kabla ya kusaini, omba cheti cha nishati cha nyumba (EPC), kinachoipa nyumba daraja kuanzia A, bora kabisa, hadi G. Kisheria nyumba ya kupangisha inatakiwa iwe angalau daraja E, isipokuwa zile zenye msamaha, na nyumba kongwe za mawe zilizohifadhiwa mara nyingine zina msamaha huo. Nyumba ya daraja E yenye kuta nene na madirisha ya kioo kimoja itakula mafuta. Uliza tangi limejaa kiasi gani siku unapoingia, na hali hiyo iandikwe. Uliza pia kama maji taka yanakwenda kwenye bomba la mji au kwenye shimo la nyumba, na nani anayelipa kulinyonya.

Kodi ya halmashauri usitegemee iwe ndogo kijijini. Sehemu zote tatu ziko chini ya halmashauri moja tangu tarehe 1 Aprili 2023, na daraja la nyumba hutokana na thamani yake ya mwaka 1991. Ukiishi peke yako una haki ya punguzo la asilimia 25. Haliji lenyewe, uliombe.

Watoto

Mtoto wa shule ya msingi Askrigg au Hawes yuko mahali pazuri. Darasa ni dogo, umri huchanganywa, mwalimu anamjua mzazi kwa jina, na mtoto anayejifunza Kiingereza hapotei kwenye kundi la thelathini. Mtoto wa Kiafrika anaweza kuwa peke yake mwenye rangi yake katika shule nzima. Hilo lizungumzwe naye nyumbani kabla ya siku ya kwanza, na lizungumzwe na mwalimu mkuu pia. Shule ndogo husikiliza haraka mzazi anapokwenda mwenyewe.

Hatari ya shule ndogo ni idadi. Bonde la kaskazini, Arkengarthdale, lilikuwa na shule tangu mwaka 1659. Ilifungwa mwaka 2019 kwa kukosa watoto. Nyumba ikigeuzwa ya likizo haileti mwanafunzi. Familia moja yenye watoto watatu inaweza kuwa habari kubwa kwa shule ya namna hiyo, na utapokewa hivyo.

Sekondari ya bonde iko Leyburn. Sheria inatoa usafiri wa bure kwa mtoto wa chini ya miaka 8 anayeishi zaidi ya maili 2 kutoka shule inayomfaa iliyo karibu, na zaidi ya maili 3 kwa mwenye miaka 8 hadi 16. Kwa hiyo basi la shule lipo. Lakini mchezo wa mpira baada ya masomo, rafiki wa mji wa pili, kazi ya Jumamosi dukani, vyote vinamhitaji mzazi mwenye gari. Kijana wa miaka 15 aliyelelewa Nairobi au Dar es Salaam ataihisi Askrigg kama kifungo. Huyo mpeleke Northallerton.

Unga, ibada, intaneti

Hawes utapata maziwa, mkate, nyama nzuri ya kondoo wa hapo hapo, na jibini ya Wensleydale ambayo kiwanda chake kilifungwa mwaka 1992 na kufufuliwa mwaka huo huo na waliokuwa mameneja wake. Hutapata unga wa sembe, mihogo wala ndizi za kupika. Northallerton kuna maduka makubwa ya vyakula, na mengi hukuletea oda mpaka bondeni. Vyakula vya kwetu unavifuata Middlesbrough au Leeds, au unaagiza kwa posta gunia zima. Sukuma wiki haikusumbui: jamii yake, kale, ipo kwenye maduka makubwa, na ukipata kibustani cha kukodi huota na kustahimili barafu.

Mwislamu afikirie zaidi. Misikiti iko Middlesbrough na Darlington, nyama ya halali pia, na Ramadhani ikiangukia kiangazi jua la Juni huzama baada ya saa 3 na nusu usiku. Mkatoliki ana kanisa Leyburn. Waanglikana na Wamethodisti wana ibada karibu kila kijiji, ila huenda ukawa kijana pekee kanisani.

Intaneti ya nyumbani imekuwa bora kuliko sifa yake. Angalia msimbo wa posta wa nyumba yenyewe kwenye ukurasa wa Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, wala usitosheke na ule wa kijiji, kwa kuwa nyumba ya mwisho wa njia inaweza kuwa na kasi tofauti kabisa. Simu ya mkononi hukatika mabondeni na ndani ya kuta za mawe. Washa kupiga kwa Wi-Fi.

Nani anayeviendesha vitu hivi

Nimesema kijiji kina basi, maktaba, duka, ukumbi. Tofauti kubwa kati ya Askrigg au Hawes na Northallerton ni nani anayeviweka hai.

Northallerton unatumia huduma na kwenda zako. Hawes, shirika lile lile la wananchi lenye Little White Bus ndilo linaloendesha posta, maktaba na kituo cha mafuta. Bila wao vingekuwa vimefungwa kama vilivyofungwa mabonde mengine. Karibu na mji wa Richmond, huko huko North Yorkshire, katika kijiji cha Hudswell, pabu pekee ilifungwa mwaka 2008. Wanakijiji wakachanga fedha, wakainunua mwaka 2010, wakaweka ndani yake duka dogo na maktaba, na nyuma wakagawa vibustani. Chama cha wapenzi wa bia cha CAMRA kiliipa tuzo ya pabu bora ya nchi nzima ya mwaka 2016. Sheria ya mwaka 2011 imewapa wanavijiji haki ya kuomba jengo la aina hiyo liorodheshwe kama mali ya jamii, ili likitaka kuuzwa wapewe muda wa kukusanya zabuni yao.

Hili ndilo ninalotaka mhamiaji alielewe kabla ya kuchagua kijiji: huduma za kijijini zinatoka kwa majirani, na jirani mpya hutazamwa kama ataweka mkono. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuna atakayekulazimisha. Lakini anayejitokeza kupanga viti ukumbini, kuoka kitu cha mnada wa kanisa, au kushika zamu ya duka saa mbili kwa mwezi, ndani ya msimu mmoja ana watu wa kumpa lifti, wa kumwambia nyumba ipi itapangishwa, wa kumsindikiza mtoto. Asiyejitokeza anabaki na ukimya, na ukimya wa Desemba, jua likizama kabla ya saa 10 alasiri, ni mzito kwa mtu aliyezoea mtaa wenye sauti.

Utatazamwa. Katika kijiji cha watu 600 kila mgeni anatazamwa, na mwenye ngozi nyeusi zaidi. Wengi watakusalimu njiani, na mzee atasimama kukueleza habari za mbwa wake kwa dakika kumi. Wapo watakaouliza maswali ya kijinga, na pengine mmoja wa kukutusi. Kijijini huwezi kumkwepa kwa kubadili njia. Northallerton unapotea kwenye umati mdogo, na kwa mtu aliyechoka kueleza anakotoka hiyo ni raha pia. Sidhani kuna sehemu iliyo bora hapa kwa kila mtu. Najua tu kwamba mtu anayependa kujuana, aliyezoea kijiji cha kwao ambako msiba wa mmoja ni wa wote, huizoea Askrigg haraka kuliko aliyekulia kwenye ghorofa la mjini.

Ningempeleka nani wapi

Mtunzaji aliye peke yake, asiye na gari, kazi yake ikiwa Hawes: akae Hawes, umbali wa kutembea kutoka kazini, hata kama chumba ni kidogo. Asidanganywe na picha za nyumba iliyo peke yake mlimani, nzuri kuliko zote.

Muuguzi wa Friarage: Northallerton, bila mjadala. Akitaka milima aiendee Jumamosi. Njia za miguu za umma zinapita kwenye mashamba ya watu na hakuna anayelipishwa.

Familia yenye gari mbili, au gari moja na mzazi mmoja anayefanya kazi nyumbani, watoto wako shule ya msingi, wote wana afya: Askrigg. Nasema hivi kwa moyo wote. Watoto watakua wakijua majina ya mito na ya majirani, na shule itawahitaji.

Wenzi ambao mmoja anafanya kazi Hawes na mwingine Northallerton wasigombane. Leyburn uko katikati, kilomita 26 hivi kutoka Hawes na 29 hivi kutoka Northallerton, una soko la Ijumaa, sekondari, Kanisa Katoliki na basi la bondeni, na mwishoni mwa Agosti una maonyesho makubwa ya kilimo ya Wensleydale. Anzeni kutafuta matangazo ya nyumba huko, miezi miwili kabla ya baridi, na swali la kwanza kwa mwenye nyumba liwe hili: mwaka jana nyumba ilitumia lita ngapi za mafuta?